Mgeni na Tetemeko la Ardhi

Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016, saa 9 na dakika 27 alasiri, nchi ya Kagera ilitikisika. Kiini cha tetemeko hilo kilikuwa karibu na Nsunga, wilaya ya Missenyi, yapata kilometa 40 chini ya ardhi. Ukubwa wake ulikuwa 5.9. Lilisikika Uganda, Rwanda, Burundi na hata Kenya. Watu wasiopungua 17 walikufa, mamia wakaumia, na nyumba kwa maelfu zikabomoka au kupasuka hata zisifae tena kukaliwa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato, karibu na mji wa Bukoba, ziliharibika vibaya, ikabidi zifungwe.

Sasa, msomaji mpenzi, tazama ramani. Barabara itokayo Bukoba kwenda Uganda hupita Kyaka, kisha ikafika Mutukula mpakani. Kyaka na Mutukula zote ziko Missenyi. Hiyo ndiyo njia ya mahujaji wengi waendao Namugongo kwa sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, tarehe 3 Juni. Ndiyo njia ya wachuuzi wa ndizi na kahawa, ya wanafunzi waendao shuleni, na ya ndugu wanaokwenda harusini au matangani. Kila siku watu hupita juu ya ardhi ileile iliyotikisika, na wengi wao hulala njiani katika nyumba wasizozijua.

Makala haya yameandikwa kwa ajili yao. Mwenyeji anaijua nyumba yake. Hata gizani hupapasa akafika mlangoni, naye anajua ni ukuta gani una ufa na ni dirisha gani halifunguki. Mgeni hajui hata moja katika hayo. Tena mgeni huona haya kuuliza. Basi ardhi ikitikisika usiku, yeye ndiye wa mwisho kujua aende wapi.

KWA NINI NCHI ZETU HUTETEMEKA

Wataalamu wa miamba hutufundisha kwamba ganda la dunia si kitu kimoja kizima. Limegawanyika katika mapande makubwa, nayo hayatulii. Katika Afrika ya Mashariki ganda hilo linatanuka polepole mno, milimita chache tu kwa mwaka, na mahali linapotanuka ndipo palipo na Bonde la Ufa. Mkono mmoja wa bonde hilo hupita Ethiopia, Kenya na kaskazini ya Tanzania. Mkono wa pili huanzia Ziwa Albert, ukapita milima ya Ruwenzori, Ziwa Edward, Ziwa Kivu, Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, hata ukafika Ziwa Nyasa. Maziwa hayo marefu yamejaa maji ndani ya ufa wenyewe.

Miamba ikivutwa kwa miaka mingi hujikaza, kama ubua unaokunjwa mkononi. Siku moja hushindwa kuvumilia, ikakatika kwa ghafula. Kule kukatika ndilo tetemeko la ardhi, na mtikisiko huenea pande zote kama mawimbi ya maji yaliyotupiwa jiwe.

Mawimbi hayo ni ya namna mbili. La kwanza lina mbio zaidi, lakini huwa dogo. Mtu huweza kulisikia kama ngurumo, au kama lori zito linalopita nyuma ya nyumba. Mbwa hubweka na vikombe hugongana kabatini. La pili huja nyuma yake, nalo ndilo litikisalo kuta. Mtu aliye kilometa 60 kutoka kwenye kiini huweza kupata sekunde saba hivi kati ya wimbi la kwanza na la pili. Sekunde saba ni kidogo, lakini mtu aliyekwisha kufikiri mapema aweza kuzitumia akajiokoa.

UKUTA NDIO UUAO

Mara nyingi watu hudhani kwamba tetemeko kubwa ndilo liuwalo wengi, na dogo liuwalo wachache. Sivyo. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea tetemeko la ukubwa wa 6.8 chini ya Ziwa Tanganyika. Nguvu yake ilipita ile ya tetemeko la Kagera zaidi ya mara 20, kwa maana katika kipimo hicho kila hatua moja nzima huongeza nguvu mara 32 hivi. Nyumba zilibomoka Kalemie, upande wa Kongo, na watu walikufa. Lakini waliokufa walikuwa wachache kuliko wale wa Kagera. Kiini chake kilikuwa chini ya ziwa, mbali na miji na kuta za matofali.

Lakini tetemeko la tarehe 20 Machi 1966, katika nchi ya Toro na upande wa pili wa Ruwenzori, liliua watu wapatao 150. Hilo lilikuwa chini ya makao ya watu.

Basi jambo la kuogopa ni kile kilicho juu ya kichwa chako na kando yako wakati ardhi inapotikisika. Mtu aliye shambani katikati ya mihogo huweza kutupwa chini, akainuka, akajifuta vumbi. Mtu aliyeketi chini ya ukuta wa matofali yaliyoshikanishwa kwa udongo mtupu yuko katika hatari ya kifo, hata kama tetemeko ni la wastani.

Nyumba zetu nyingi za vijijini zimejengwa kwa matofali mabichi au ya kuchoma, pengine bila saruji ya kutosha, na pengine bila mkanda wa zege na nondo unaozunguka juu ya madirisha kuzifunga kuta pamoja. Nyumba ya namna hiyo hubeba mzigo wake vizuri siku zote, maana mzigo huo hushuka chini moja kwa moja. Lakini ikisukumwa upande, kuta huachana kwenye pembe, kila moja ikaanguka peke yake. Hatari kubwa ni ile pembe tatu ya ukuta iliyo chini ya paa. Hiyo huwa ya kwanza kuanguka, na mara nyingi huangukia nje, palepale ambapo mtu aliyekimbia husimama akidhani amekwisha kupona.

HAYA YA MGENI

Tufikapo ugenini tunasalimia, tunapewa maji na chakula, tunaonyeshwa pa kulala, tunashukuru. Ni desturi njema. Mgeni hachagui chumba wala hakosoi nyumba ya watu. Lakini yako maneno ambayo yaweza kusemwa kwa adabu, bila kumwaibisha mwenyeji.

Tuseme kijana amefika kwa shangazi yake jioni.

“Shikamoo, shangazi.”

“Marahaba, baba. Karibu sana. Utalala chumba cha nyuma, nimekwisha kutandika.”

“Asante, shangazi. Naomba nikuulize neno moja, usinione mjeuri. Ule ufa ulio juu ya kitanda ni wa siku nyingi?”

“Ule ni wa mwaka lilipopita tetemeko. Tumeuzoea.”

“Basi niruhusu nisogeze kitanda upande wa pili. Na lile sanduku la bati lililo juu ya kabati, nilishushe chini.”

“Sogeza tu, mwanangu. Hivi kweli, mimi huwalaza wajukuu hapo wakija likizo! Njoo kwanza tukasogeze na kile kitanda chao kingine.”

Tazama. Kijana hakumdharau shangazi yake, na shangazi hakukasirika. Swali moja la adabu limewaondoa chini ya ufa mgeni pamoja na wajukuu. Wenyeji wengi huuzoea ufa wa nyumba yao hata wasiuone tena. Mgeni ndiye mwenye macho mapya.

Yampasa basi kila afikaye ugenini, kabla hajalala, atazame mambo matatu. Kwanza, atazame juu: kuna nini kiwezacho kumwangukia kichwani? Pili, autazame mlango: unafunguka kwa ndani au kwa nje, komeo liko wapi, na ufunguo hukaa kwa nani? Tatu, atazame nje: uko wapi uwanja mtupu, mbali na kuta, miti mikubwa na nyaya za umeme? Kazi hiyo haichukui hata dakika mbili. Katika nyumba ya wageni mjini, ulizia kama mlango wa mbele hufungwa kwa kufuli usiku, na kama upo mlango wa pili. Ikiwa madirisha yote yana nondo na mlango ni mmoja tu wenye kufuli, tafuta nyumba nyingine.

Kisha weka viatu karibu na kitanda, na tochi au simu mahali mkono utakapofika gizani. Baada ya tetemeko sakafu hujaa vioo na vigae, na mtu aliyekatwa nyayo hawezi kuwabeba watoto wake.

ARDHI IKITIKISIKA

Mtikisiko mkali kwa kawaida hudumu sekunde chache tu. Mara chache sana hufika dakika moja. Mtu hana nafasi ya kukusanya mizigo wala ya kufanya shauri na wenziwe. Kila mahali pana jambo lake la kufanya.

Ukiwa ndani ya jengo imara la zege, kama vile hospitali, ofisi au hoteli ya ghorofa, usikimbie. Watu wengi huumia ngazini na mlangoni kwa kusukumana, au kwa kuangukiwa na vioo wakitoka. Piga magoti, ingia chini ya meza imara, kinga kichwa na shingo kwa mikono, na ushike mguu wa meza ili iende nawe ikisogea. Kama hakuna meza, jikunyate penye ukuta wa ndani, mbali na madirisha na makabati. Usiingie katika lifti.

Ukiwa ndani ya nyumba dhaifu ya udongo au ya matofali mabichi, yenye chumba cha chini tu, nawe u karibu na mlango ulio wazi kuelekea uwanjani, toka upesi. Ukisha kutoka usisimame chini ya upenu. Nenda mbele, mbali na ukuta kupita urefu wa nyumba yenyewe. Lakini ikiwa mlango uko mbali, au umefungwa, usigombane na komeo kuta zikiwa zinacheza. Jitupe chini kando ya kitanda kigumu au chini ya meza, ukinge kichwa.

Ukiwa kitandani katika nyumba imara, na juu yako hakuna kitu kizito, kaa hapohapo. Lala kifudifudi na ujifunike kichwa kwa mto mpaka mtikisiko uishe.

Wazee wengi walifundishwa kusimama katikati ya mlango. Shauri hilo lilitoka katika nyumba za zamani, ambazo zilipobomoka miimo ya mlango ilibaki imesimama. Siku hizi halifai. Mlango wa kawaida hauna nguvu kupita sehemu nyingine, na ubao wake huweza kukupiga unapojibamiza.

KANISANI NA PENYE WATU WENGI

Jumapili tarehe 3 Februari 2008, karibu saa 3 na nusu asubuhi, watu wengi wakiwa makanisani, tetemeko la ukubwa wa 5.9 lilitikisa upande wa kusini wa Ziwa Kivu. Bukavu ilitikisika upande wa Kongo, na Rusizi na Nyamasheke upande wa Rwanda. Katika Rwanda walikufa watu zaidi ya 30, na Kongo pia walikufa watu. Miongoni mwa hao wamo waliofunikwa na kanisa lililoanguka wakiwa ndani wanasali.

Jambo hili latugusa sisi sote. Hakuna mahali ambapo familia za vijijini hukusanyika wengi kwa pamoja kama kanisani, na siku ya hija wengi wa wanaosali ni wageni. Ardhi ikitikisika, hatari ni mbili: jengo lenyewe, na watu kukanyagana mlangoni. Walio karibu na milango iliyo wazi watoke mara moja, waendelee mpaka uwanjani, wasisimame kizingitini kutazama nyuma. Walio katikati wainame kati ya mabenchi, wakinge vichwa vyao na vya watoto, wangoje mtikisiko uishe. Ndipo watoke kwa taratibu. Nje wasikusanyike chini ya mnara wa kengele.

Ingefaa wazee wa kanisa wahakikishe kwamba milango yote ya pembeni imeachwa wazi kila ibada, na kwamba hakuna baiskeli wala mabenchi ya ziada yaliyowekwa mbele yake. Gharama yake ni kumpa kijana mmoja kazi hiyo kila Jumapili.

NDANI YA BASI NA KANDO YA MAJI

Abiria wa basi mara nyingi hawasikii tetemeko dogo, hudhani ni barabara mbovu. Likiwa kubwa, usukani huvuta kama gurudumu lililopasuka. Dereva na apunguze mwendo polepole, asifunge breki kwa ghafula, akasimame mahali peupe. Asisimame juu ya daraja wala chini yake, wala chini ya nyaya za umeme, wala chini ya ukingo wa mlima. Abiria wakae ndani mpaka mtikisiko uishe. Basi lina chemchemi na matairi, litayumba sana, lakini bati lake huwakinga na vitu vidogo vinavyoanguka.

Katika nchi za milima, kama vile Kigezi, magharibi ya Rwanda na Kivu, barabara imechimbwa ubavuni mwa mlima. Udongo uliolowa kwa mvua huweza kuporomoka tetemeko linapotokea, au saa nyingi baada yake. Ukiona mawe mapya yameanguka barabarani, au nyufa ukingoni, usimhimize dereva apite upesi ili uwahi. Mwenda pole hajikwai. Afadhali kulala njiani usiku mmoja.

Aliye chomboni katikati ya ziwa, penye kina kirefu, kwa kawaida yuko salama kuliko aliye ufukoni. Lakini ukiwa ukingoni mwa ziwa na mtikisiko ukawa mkali, ondoka uende juu mlimani, kwa sababu udongo wa ufukoni huweza kuporomokea majini na kuleta mawimbi.

Kwa wale wanaokwenda pwani, wakumbuke tarehe 26 Desemba 2004. Siku hiyo tetemeko la ukubwa wa 9.1 lilitokea mbali sana, chini ya bahari karibu na Sumatra. Pwani ya Tanzania hakuna nyumba iliyobomoka kwa kutikisika. Lakini baada ya saa nyingi mawimbi yalivuka Bahari ya Hindi nzima, yakafika Somalia, Kenya na Tanzania, na watu waliokuwa wakioga baharini wakafa. Mtoto wa bara afikaye pwani mara ya kwanza afundishwe hivi: bahari ikijivuta nyuma kwa ghafula hata samaki wakabaki mchangani, usiwakimbilie samaki. Kimbilia mahali pa juu.

BAADA YA MTIKISIKO

Mtikisiko ukiisha, toka nje. Kwanza wahesabu watu wenu. Wageni husahaulika kwa urahisi, maana jirani hajui kama mlikuwa na mgeni. Kwa hiyo ukifika mahali kwa usiku hata mmoja, mjulishe jirani au mjumbe wa mtaa kwamba uko pale. Na katika nyumba ya wageni, andika jina lako vema katika kitabu. Kitabu hicho huweza kuwa ndicho kitakachowaambia waokoaji ni watu wangapi wa kutafutwa.

Zima jiko la mkaa, kibatari na mshumaa. Ukisikia harufu ya gesi usiwashe kiberiti wala taa. Funga mtungi ukiweza, kisha ondoka. Usiguse waya wa umeme ulioanguka.

Usirudi ndani kuchukua kitu. Neno hili ni gumu, kwa sababu ndani kuna fedha ya safari, hati ya kupitia mpakani, pengine na mtaji wote wa mchuuzi. Lakini tetemeko kubwa halitembei peke yake. Lile la Kivu la mwaka 2008 lilifuatwa na jingine la ukubwa wa 5.0 saa tatu na nusu hivi baadaye, katika nchi ambayo kuta zake zilikuwa zimekwisha kupasuka. Ukuta uliosimama kwa shida huangushwa na mtikisiko mdogo. Kwa sababu hiyo msafiri na alale na fedha na hati zake katika mfuko mmoja mdogo, pamoja na viatu vyake, ili atakapotoka avichukue kwa mkono mmoja. Akishavisahau, na avisahau.

Simu nayo ina adabu yake. Baada ya tetemeko kila mtu hupiga, na mitambo hulemewa. Tuma ujumbe mfupi wa maneno: “Nimepona, niko mahali fulani.” Huo hupenya mahali ambapo sauti haipenyi. Kabla ya safari, familia ikubaliane ni ndugu gani wa mbali atakayepokea habari za wote. Mama aliyebaki nyumbani asihangaike kupiga simu kwa watu kumi. Ampigie huyo mmoja.

Mkilala nje, chagueni mahali mbali na kuta na miti, mtandaze turubai, mfunge na vyandarua kwa ajili ya mbu. Maji ya kisima yakichafuka, yachemsheni.

MANENO YA KUPOTOSHA

Baada ya kila tetemeko hutokea mtu asemaye kwamba lingine litakuja usiku wa leo saa fulani. Siku hizi maneno hayo huenea kwa simu, kijiji hadi kijiji. Msomaji ujue kwamba hakuna mtaalamu yeyote duniani, wa Ulaya wala wa Japani, awezaye kutaja siku na saa ya tetemeko. Wataalamu waweza kusema nchi gani ina hatari, na kwamba baada ya tetemeko kubwa yatafuata madogo. Ujumbe unaotaja saa, usiutume kwa mwingine.

Wengine husema joto kali au mvua nyingi ndiyo iletayo tetemeko. Kiini cha tetemeko la Kagera kilikuwa kilometa 40 chini ya ardhi. Jua haliwezi kufika huko. Wengine huogopa kwamba ardhi itafunguka na kuwameza watu, wakakataa kukimbilia uwanjani. Ni kweli ardhi hupasuka pengine. Mwaka 1928, kule Subukia katika Kenya, ufa ulionekana kwa kilometa nyingi. Lakini anayekufa kwa kumezwa na ardhi ni nadra mno. Uwanja mtupu ndio salama.

KAZI YA MWENYEJI

Hatuwezi kumwachia mgeni kazi yote. Usipoziba ufa utajenga ukuta, walisema wahenga. Lakini ufa wa tetemeko hauzibwi kwa kupaka chokaa tu. Mwite fundi aliye hodari, atazame kama kuta zimeachana kwenye pembe. Ajengaye upya na aweke mkanda wa zege na nondo kuzunguka nyumba yote, afunge boriti za paa juu ya kuta, asitoboe madirisha makubwa karibu na pembe, na ile pembe tatu ya juu aijenge kwa mbao au mabati mepesi badala ya matofali. Asijenge chini ya ukingo uliochimbwa, wala penye udongo laini uliojazwa bondeni, maana udongo wa namna hiyo hutikisika kuliko mwamba.

Asiye na fedha ya kujenga leo anaweza kufanya mambo mawili jioni hii. Ashushe vitu vizito vilivyo juu ya makabati, na akisogeze mbali na ukuta wenye ufa kile kitanda wanacholalia wageni na watoto.

MAMBO YA MSAFIRI KUKUMBUKA

1. Ufikapo, tazama juu, tazama mlango, tazama nje.
2. Omba kwa adabu kusogeza kitanda kilicho chini ya ufa, dirisha au kabati.
3. Viatu, tochi, fedha na hati viwe karibu na mkono.
4. Katika jengo imara, kaa ndani ujikinge chini ya meza. Katika nyumba dhaifu, toka ikiwa mlango u karibu na wazi.
5. Nje, kaa mbali na kuta, upenu, minara na nyaya.
6. Usirudi ndani, hata kwa fedha.
7. Tuma ujumbe mfupi kwa yule ndugu mliyekubaliana.

Baba au mama na ayasome haya kwa sauti usiku wa kabla ya safari, watoto wakiwapo. Kisha mmoja wao aulizwe: “Kama ingetikisika sasa hivi, wewe ungekwenda wapi?” Kama hajui la kujibu, mwonyesheni palepale, kabla taa haijazimwa.